Mbu wa mchana na virusi vyake

Katikati ya mwaka 2004 homa kali iliingia mji wa Lamu, pwani ya Kenya, ikapita nyumba hadi nyumba. Maabara ikathibitisha kuwa ni chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ule unaoshika viungo hata mgonjwa akashindwa kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Baadaye watafiti walipopima damu za wakazi walikadiria kuwa robo tatu ya mji mzima ilikuwa imeambukizwa, yaani watu wapatao 13,500 kati ya 18,000. La ajabu zaidi ni kwamba mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma. Nchi ilikuwa kavu, na sisi tumezoea kuwahusisha mbu na masika.

Mbu wale walitoka majumbani. Mvua zikikatika watu huweka akiba ya maji kwenye mapipa, mitungi na matangi. Na kwa kuwa maji ni ya shida, hakuna anayethubutu kuyamwaga ili asugue chombo. Yakipungua huongezwa mengine juu yake, wiki baada ya wiki. Mbu aitwaye Aedes aegypti hapati mahali pazuri kuliko hapo. Hutaga mayai yake kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hugandamana pale kama punje za masizi. Yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yasife. Siku chombo kikijazwa, maji yakayafikia, viluwiluwi huanguliwa, na kwenye joto zuri huwa mbu kamili katika muda wa wiki moja hivi. Watafiti waliouchunguza mlipuko wa Lamu waliuhusisha moja kwa moja na ukame na maji yaliyokaa vyomboni bila kubadilishwa.

Nimeanza na Lamu kwa sababu inavunja picha ambayo wengi wetu tunayo kichwani tunapoambiwa kuna virusi vipya vya mbu. Picha ile ni ya msitu mnene, popo, nyani, na daktari aliyevaa mavazi ya kujikinga mwili mzima. Msitu una nafasi yake katika hadithi hii, na tutaufikia. Lakini mlipuko unaoangusha maelfu ya watu hutengenezwa mjini, kwa maji yaliyohifadhiwa na watu waliokaa karibu karibu.

Mbu wawili, tabia mbili

Vita vyetu dhidi ya mbu vimepiganwa karibu vyote dhidi ya Anopheles, mbu wa malaria. Huyo hutafuta damu usiku, na ndiyo maana chandarua chenye dawa kimeokoa maisha ya watu wengi mno. Aedes ni mwingine kabisa. Ni mweusi mwenye madoa na pete nyeupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi baada ya jua kuchomoza na alasiri kuelekea magharibi. Hupenda vifundo vya miguu chini ya meza. Ukimfukuza haendi mbali, anarudi au anamgeukia aliyeketi jirani yako, hivyo mlo wake mmoja wa damu unaweza kutoka kwa watu watatu au wanne. Kwa mbu anayebeba kirusi, tabia hiyo ni balaa.

Tena si msafiri. Kwa kawaida haruki zaidi ya mita mia kadhaa katika maisha yake yote. Mbu wa aina hii aliyekuuma leo huenda alizaliwa kwako au kwa jirani.

Chandarua bado kinafaa kwa mtoto mchanga anayelala mchana, na kwa mgonjwa mwenyewe, ili mbu wasichukue kirusi kutoka kwake. Lakini mtu mzima aliye kazini au shuleni saa nne asubuhi hana chandarua.

Aedes aegypti ni mbu wa Afrika kwa asili, na mababu zake walikuwa wa porini: walitaga kwenye matundu ya miti na kufyonza damu ya wanyama. Huko Rabai, nyuma ya Mombasa, watafiti waliwakuta wote wawili wakiishi jirani, wa msituni na wa nyumbani. Wale wa msituni hawakuwa na haja kubwa na binadamu. Wa nyumbani waliifuata harufu ya mtu kwa bidii, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa tofauti hiyo imeandikwa kwenye jeni zao. Utafiti wa baadaye, uliokusanya mbu kutoka sehemu nyingi za Afrika, uliuliza ni nini kinachomfanya mbu huyu ampende binadamu. Mambo mawili yalijitokeza: wingi wa watu mahali pamoja, na ukali wa kiangazi. Pale ambapo matundu ya miti hukauka kwa miezi mingi, mbu aliyejifunza kuishi kwenye mtungi ndiye aliyebaki hai. Kutoka Afrika alisafirishwa na meli, zikiwemo zile za biashara ya utumwa, akafika Amerika na kisha kuzunguka ukanda wote wa joto.

Vipya kwa nani?

Sasa tuviangalie virusi vyenyewe. Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa kilitambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, miaka ya 1930 na 1931. Cha West Nile kilipatikana Uganda mwaka 1937. Zika ilipatikana mwaka 1947 kwenye damu ya tumbili aliyewekwa ndani ya kizimba juu ya jukwaa katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, na watafiti waliokuwa wakitafuta homa ya manjano. Chikungunya ilielezwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. O'nyong-nyong ilizuka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, ikaenea hadi kuambukiza watu wapatao milioni mbili. Hiyo ya mwisho ina ajabu yake: huenezwa na Anopheles, mbu yule yule wa malaria, jambo ambalo ni nadra kwa virusi vya jamii hii.

Kwa hiyo vingi vinavyoitwa vipya vina umri wa bibi zetu katika vitabu vya tiba, na vyenyewe ni vikongwe zaidi. Kinachobadilika ni mahali na nafasi. Kirusi kinachozunguka kati ya nyani na mbu wa vileleni mwa miti kinaweza kukaa hivyo karne nyingi, kikimpata mwindaji mmoja hapa na mkata kuni mmoja pale. Ili kilipuke kinahitaji vitu vitatu vikutane: mbu wa mjini anayeweza kukibeba, watu wengi wasio na kinga, na mtu mmoja mwenye kirusi damuni anayeshuka kwenye basi, meli au ndege katika siku zile chache ambazo mbu akimuuma huondoka na virusi.

Zika ni mfano unaofundisha. Kwa miaka 60 hivi baada ya kugunduliwa, visa vya binadamu vilivyoandikwa havikufika 20. Mwaka 2007 ikatokea kisiwa cha Yap, katika Bahari ya Pasifiki, na vipimo vikaonyesha kuwa takriban watu 7 kati ya kila 10 waliambukizwa. Wengi walipata vipele, macho mekundu na homa ndogo, basi. Mwaka 2013 ikawa Polinesia ya Ufaransa. Mwaka 2015 ikawa Brazili, na huko ndiko madaktari wa kaskazini mashariki walipoanza kuona watoto wanaozaliwa na vichwa vidogo kupita kawaida, ubongo wao ukiwa umeharibiwa tumboni mwa mama. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Ugonjwa ambao ungeonekana kuwa mwepesi katika kijiji cha watu mia mbili ulionyesha sura yake ya kutisha ulipofika kwenye nchi ya watu milioni 200. Madhara yanayompata mtu mmoja kati ya maelfu hayaonekani mpaka maelfu hayo yaugue kwa pamoja.

Chikungunya nayo ilitupa somo jingine. Kutoka Lamu ilikwenda Mombasa, ikavuka hadi visiwa vya Komoro mwanzoni mwa 2005, kisha kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi. Huko Aedes aegypti ni wachache. Aliyejaa ni ndugu yake Aedes albopictus, mbu mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni. Miezi ya kwanza ugonjwa ulikwenda polepole. Halafu kirusi kikabadilika mahali pamoja tu katika protini ya ganda lake, badiliko dogo kabisa, na kikaanza kuzaliana vizuri zaidi mwilini mwa albopictus. Mwanzoni mwa 2006 zaidi ya watu 40,000 walikuwa wakiugua katika wiki moja. Mlipuko ulipotulia, karibu theluthi ya wakazi wote wa kisiwa walikuwa wameugua. Badiliko lile lile lilikuja kujitokeza pia kwingine, Gabon na India, bila kuletwa kutoka Réunion. Virusi hivi hubeba taarifa zao za urithi kwenye RNA, molekuli iliyo jamaa ya DNA, na hukosea mara kwa mara vinapojinakili. Makosa mengi hayana faida, lakini moja likimfaa mbu aliyepo, linashinda.

Na albopictus, tofauti na ndugu yake, huvumilia baridi. Alitoka Asia akiwa yai kavu ndani ya matairi makuukuu yaliyouzwa nchi za nje. Mwaka 2007 vijiji viwili jirani vya Italia vilipata mlipuko wa chikungunya baada ya msafiri mmoja kutoka India kushikwa na homa akiwa huko.

Joto linafanya kazi gani

Huwa inasemwa kwa haraka kwamba dunia ikipata joto mbu watazidi. Ukweli una kona zake. Mbu akinyonya damu yenye virusi haambukizi siku hiyo. Kirusi lazima kivuke ukuta wa utumbo wake, kizaliane, kisha kifike kwenye tezi za mate. Kwa kirusi cha dengi, homa nyingine ya Aedes tutakayoifikia, safari hiyo huchukua siku 8 hadi 12 hivi, na joto likipanda hufupika. Mbu wengi wa kike hufa kabla ya kuimaliza, hivyo kila siku inayopunguzwa kwenye safari hiyo huongeza sana idadi ya mbu wanaofikia hatua ya kuambukiza. Lakini joto likizidi mno mbu mwenyewe hufa upesi. Kuna kilele, kisha mteremko.

Watafiti waliopiga hesabu hizo walikuta kuwa malaria huenea vizuri zaidi kwenye nyuzi joto 25 hivi, na magonjwa ya Aedes aegypti kwenye nyuzi 29. Tofauti ya nyuzi nne inaonekana ndogo, ila maana yake ni nzito. Sehemu za Afrika ambazo leo ni ngome ya malaria zinaweza kupanda joto zikaipita malaria na kuingia palepale dengi inapopapenda. Unganisha hilo na miji inayokua haraka kuliko mabomba ya maji, na matairi na makopo ya plastiki yanayokusanya maji ya mvua, upate mbu anayefaidika na kiangazi na pia na masika.

Dengi, ugonjwa wenye mtego

Dengi, ambayo wazee wa pwani waliiita kidingapopo, ndiyo kubwa kuliko zote kwa idadi. Mwaka 2024 nchi ziliripoti zaidi ya visa milioni 14, wingi ambao haukuwahi kuandikwa kabla, sehemu kubwa kutoka Amerika ya Kusini. Dar es Salaam imepata milipuko mwaka 2010, 2014 na 2019.

Ina aina nne za virusi. Ukiugua aina moja unapata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, na kinga ya miezi michache tu dhidi ya nyingine. Baada ya hapo mambo hugeuka. Kingamwili ulizotengeneza mwanzo zinaweza kukishika kirusi cha aina ya pili bila kukiua, na badala yake zikakiingiza ndani ya seli zile kinazozalianamo. Ni kama mlinzi anayemfungulia mwizi mlango. Ndiyo sababu maambukizi ya pili kwa kawaida ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Mji ulioona mlipuko wa aina ya kwanza leo haujapona. Umeandaliwa kuumizwa na aina ya pili miaka ijayo.

Mtego huo huo uliinasa hata chanjo. Ufilipino ilianza mwaka 2016 kuchanja watoto wa shule kwa chanjo ya Dengvaxia, zaidi ya 800,000. Mwishoni mwa 2017 mtengenezaji akatangaza kuwa kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua dengi, chanjo inaweza kufanya kazi ya yale maambukizi ya kwanza na kumweka kwenye hatari ya ugonjwa mkali akiambukizwa baadaye. Mpango ukasimamishwa, na hasira za wazazi zikazivuta hata chanjo nyingine zisizohusika. Chanjo ya baadaye, Qdenga, iliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024, ikipendekezwa kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 wanaoishi penye maambukizi mengi.

Kitu kimoja kuhusu dengi kinastahili kujulikana na kila anayeuguza mtu nyumbani: hatari kubwa mara nyingi huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Familia hupumua, inadhani yamekwisha. Kumbe ndipo maji ya damu yanapoanza kuvuja nje ya mishipa. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, fizi au pua kutoka damu, mtu kulegea au kuhangaika bila utulivu: hizo ni dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja kesho. Dawa maalumu ya kuua kirusi haipo, lakini kupewa maji kwa kipimo na kufuatiliwa kwa makini hushusha vifo hadi chini ya mtu mmoja kati ya mia kwa wenye ugonjwa mkali. Kwa homa na maumivu hutumika paracetamol. Aspirini na ibuprofeni huepukwa kwa sababu huongeza uwezekano wa kutoka damu.

Kila homa si malaria

Hapa ndipo ninapoona udhaifu wetu mkubwa, kuliko hata mbu mwenyewe. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, kaskazini mwa Tanzania. Madaktari waliandika malaria kwa wagonjwa 6 kati ya kila 10. Vipimo vya kina vilipofanywa, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14 tu, yaani asilimia 1.6. Chikungunya ilipatikana kwa karibu asilimia 8 ya waliopimwa virusi vya mbu, na hakuna hata mgonjwa mmoja ambaye daktari alikuwa ameuwazia ugonjwa huo wakati wa kumlaza.

Sasa hivi vipimo vya haraka vya malaria vimeenea, na hilo ni jema, ila jibu likiwa hasi mgonjwa mara nyingi hupewa antibaiotiki na kurudishwa nyumbani. Kipimo cha haraka cha dengi kipo, hakifiki zahanati nyingi. Kipimo cha PCR, kinachotafuta jeni za kirusi chenyewe, kinahitaji maabara kubwa na damu iliyochukuliwa siku za mwanzo. Vipimo vya kingamwili navyo huchanganya ndugu: dengi, Zika, West Nile na homa ya manjano ni ukoo mmoja, na kingamwili za mmoja huitikia kipimo cha mwingine. Matokeo yake, mlipuko hugunduliwa pale unapokuwa umeshajaza wodi, au msafiri anapopimwa ughaibuni.

Inawezekana kuona mapema. Homa ya Bonde la Ufa imethibitisha. Mayai ya mbu wake hulala ardhini kwenye mabonde yasiyo na mkondo, wakati mwingine kirusi kikiwa ndani yake tayari, yakisubiri mafuriko kwa miaka. Mvua za Elnino za 1997 na 1998 ziliyaamsha, mifugo ikaharibu mimba kwa makundi na watu wengi wakaambukizwa, zaidi kwa kushika damu na nyama kuliko kwa kuumwa na mbu. Mwaka 2006 wataalamu waliosoma joto la bahari na ukijani wa ardhi kwa setilaiti walitoa onyo wiki kadhaa kabla ya visa vya kwanza vya Garissa mwezi Desemba. Onyo lilikuwa sahihi. Chanjo ya mifugo ilichelewa.

Homa ya manjano ina chanjo bora kuliko zote, sindano moja inayolinda maisha yote, iliyotengenezwa miaka ya 1930. Hata hivyo mlipuko uliozuka Luanda, Angola, mwishoni mwa 2015 ulimaliza akiba ya dunia, hadi Kinshasa mwaka uliofuata ikabidi zaidi ya watu milioni 7 wapewe sehemu ya tano ya dozi. Wafanyakazi 11 walirudi China na ugonjwa huo. Asia imejaa Aedes aegypti na haijawahi kuwa na maambukizi ya ndani ya homa ya manjano, na watu wake hawajachanjwa. Katika yote yanayoweza kutokea, hilo ndilo linaloninyima raha zaidi.

Kuhusu moshi wa dawa unaopulizwa na magari mitaani milipuko inapotokea: unaonekana vizuri kwenye televisheni. Huua mbu walio angani wakati ule, huku Aedes akiwa amepumzika nyuma ya kabati na viluwiluwi wake wakiogelea chini ya kifuniko kilichoachwa wazi. Kuziba matangi na kusugua kuta za mapipa kila wiki hufanya zaidi, ingawa mtu asiyejua maji yatatoka lini bombani hawezi kulaumiwa kwa kutunza aliyo nayo. Bomba la uhakika ni dawa ya mbu, japo haliingii kwenye bajeti ya wizara ya afya.

Njia mpya yenye ushahidi mzuri ni bakteria aitwaye Wolbachia, ambaye kwa asili huishi ndani ya wadudu wengi lakini si ndani ya Aedes aegypti. Mbu akipandikizwa, virusi hushindwa kuzaliana vizuri mwilini mwake, na jike huwarithisha watoto bakteria huyo. Mjini Yogyakarta, Indonesia, mitaa iliyoachiwa mbu hawa ilipata dengi pungufu kwa asilimia 77 ikilinganishwa na mitaa mingine, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021. Aina ya bakteria iliyotumika huko hupungua ndani ya mbu anayekulia kwenye maji yenye joto kali, ndiyo maana Malaysia ilichagua aina nyingine inayostahimili zaidi.